Kabugho Mwingine

Kwetu jina ni hesabu kabla halijawa jina.
Mimi Kabugho: binti wa tatu, basi.
Mbele yangu Masika, aliyeolewa Hima,
na Biira, ambaye hatumtaji mama akiwa anakula.
Ukiita Kabugho gulioni Katwe
watageuka wasichana tisa, na bibi mmoja.

Thembo akiniita, nageuka mimi tu.
Hulibeba jina kama yai kwenye kijiko
siku ya michezo shuleni,
ulimi nje, macho chini, lisianguke.

Aliacha shule muhula wa pili, karo.
Sasa anapakia mawe ya chumvi kwenye lori
na vidole vyake vimepasuka kama tope la Januari.
Siku aliyotaka kunishika mkono
aliona nina kidonda, akasita,
maji matamu yako mbali, juu kule bombani,
akafungua soda yake ya machungwa,
ya kwanza tangu Pasaka,
akajinawisha yote.
Tukashikana. Tukanata.
Tulipoachana ngozi ililia kidogo, kama gundi ya bahasha.

Baba yuko Bwera, anauza vitunguu mpakani.
Huja mwisho wa mwezi, mwezi ukikumbuka kuisha.
Huingia mlangoni na msemo wake uleule:
"Chumvi haijisifu, ulizeni mchuzi!"
Mama hucheka. Alikuwa akicheka.

Ijumaa lori lilirudi usiku.
Thembo akaja mbio hadi nyuma ya choo chetu,
kicheko kimemjaa kifuani:
"Bwera nimekutana na wewe!
Kabugho, wallahi, paji hilohilo, pengo hilohilo,
kanipa maji ya kunywa.
Na babake mcheshi, muuza vitunguu,
eti chumvi haijisifu—"

Akanyamaza kwa kuwa mimi nilinyamaza.
Mbali, kiboko alikuwa akirarua majani.
Nikahesabu.
Kama yeye ni Kabugho,
basi kuna Masika wa huko, na Biira wa huko.
Baba amehesabu mara mbili
na hakukosea hata namba moja.

Kinywa changu kikafunguka, na kilichotoka,
Mungu anisamehe, kilikuwa hiki:
"Alikupa kwa kikombe, au kwa jagi?"

Usiku kucha swali hilo liliniaibisha.
Nyumba inaanguka, nami nauliza kikombe.

Asubuhi mama yuko kidimbwini, maji magotini,
anakwangua chumvi ya chini, ile ya kijivu.
Nimesimama ukingoni na ndoo tupu.
"Sema," akasema, "au ingia ufanye kazi."
Nikasema, "Mama,
mwanamke mwingine akizaa binti wa tatu
na mume huyohuyo,
mtoto ataitwa nani?"

Akakwangua.
Akamwaga.
Akakwangua.
"Kila tumbo lina hesabu yake."
Kisha, bila kuinua kichwa:
"Huyo yuko kidato cha ngapi sasa?"

Sasa.
Neno dogo, lakini lilikuwa na miaka ndani yake.
Nikaingia majini na viatu.

Siku nne sikumsemesha Thembo,
kana kwamba ni yeye aliyemzaa.
Alipita na lori, alipita bila lori,
alipita akijifanya anatafuta mbuzi,
na kila mtu Katwe anajua kwao hawana mbuzi.
Siku ya tano akaweka soda ukingoni mwa kidimbwi,
haijafunguliwa,
akaondoka, shingo ikibaki nyuma.

Nikamwita. Jina lake pia ni hesabu,
lakini nililibeba polepole.

Nilikuwa nimefunga chumvi nyeupe, ya juu,
ile mama huweka kwa wageni,
ndani ya karatasi ya daftari la hisabati.
(Mama aliniona nikiichota. Akageuka
kutazama ziwa, ambalo halikuwa na jipya lolote.)

"Ijumaa mkienda Bwera," nikamwambia,
"mpe Kabugho.
Usiseme imetoka kwa nani, ataonja mwenyewe.
Na ukikaribishwa maji,
usinywe."