Wengineo

Fomu ya Mwaloni ina safu nne:
sangara, sato, dagaa,
na ya mwisho, wengineo.

Leo Nyanzobe wa Magu kaja na beseni,
kafunua jani la mgomba: ningu watatu,
midomo minene kama ya mtoto aliyenyimwa,
mayai yamewajaa hadi ngozi inang'aa.

"Wa wapi?"
"Simiyu, mlangoni. Maji yalipogeuka chai ya maziwa
wakaanza kupanda."

Ningu haulizi njia. Huonja tope tu,
tope la mvua ya kwanza, lililopita mashamba ya pamba,
akajua kwa bibi yake ni huko.
Baba alisema zamani walipanda kwa kishindo,
mtu akaamka usiku akidhani ng'ombe wanavuka.
Siku hizi wavu umekaa mlangoni
kama mgeni asiyeaga.

Nikapima. Gramu mia tisa, wote watatu.
Kalamu ikaelekea wengineo.

"Ana jina huyo," Nyanzobe akasema,
akijipangusa magamba kwa pindo la kanga.

Nikaliandika chini, nje ya mistari,
herufi tano.
Sahihi ya mkuu itabidi isogee.