Kibaba

Saa nane usiku nainama kando ya kitanda cha tisa,
nauinua mfuko uning'iniao chini yake, nausogeza kwenye taa.
Mililita saba.
Naandika: saba.
Saa saba niliandika tisa, saa sita kumi na moja.
Waliosema haba na haba hujaza kibaba
hawajapata kukesha wakingoja mkojo wa mtu.

Ko Nyan Tint, mvunaji mpunga, miaka thelathini na minne.
Jumanne alishika mganda, na ndani ya mganda
mlikuwa na nyoka wa rangi ya majani makavu,
mabaka mgongoni kama pete za mnyororo.
Chonge mbili, juu kidogo ya kisigino.
Nduguze walimuua, wakamtia kwenye ndoo ya rangi, wakatuletea
tumjue adui kwa sura.
Ndoo ingali chini ya benchi la mapokezi.
Hakuna anayetaka kuitupa.

Seramu aliipata, ingawa kwa kuchelewa.
Damu yake tuliitia kwenye kichupa cha kioo, tukangoja dakika ishirini,
ikabaki nyepesi kama chai.
Kesho yake ikaganda. Tukashangilia.
Tulikuwa tunashangilia mlango wa mbele
na mwizi keshapita wa nyuma, kwenye figo.

Sasa uso umemvimba, macho yamekuwa mistari.
Nikibonyeza muundi wake kwa kidole gumba, shimo linabaki
kama unyayo kwenye tope la shamba lake.
Kifuani, chini kabisa upande wa kulia,
kunachemka.

Mkewe, Ma Ohn Sein, ana thanaka ya juzi mashavuni, imepasukapasuka.
Hasomi maandishi ya kichupa, anaijua dawa
kwa mlio wa shingo yake inapovunjwa.
"Hiyo ya kukojoza," ananiambia, "mwongezee."
Ameuza hereni moja.
Ya pili ingali sikioni, inangoja zamu.

Nimweleze vipi?
Mimi Daktari Phyu Sin alinieleza kwa kalamu, nyuma ya kadi ya chakula:
furosemaidi haiponyi figo. Inabisha hodi tu.
Figo ikiwa macho itaitika, maji yatatoka,
mapafu yatapata nafasi, nasi tutapata siku mbili tatu.
Ikiwa imezirai, gonga utakavyo,
utamuumiza mwenye nyumba masikio.
(Kweli. Jana alisema anasikia nyenje,
na huu si msimu wa nyenje.)
Figo si chungwa, akasema daktari. Haikamuliwi.

Baada ya dozi ile kubwa tulipima kwa muda wa saa mbili.
Tulitaka mia mbili.
Tulipata thelathini na moja.
Daktari akafunika kalamu yake.
"Tumejibiwa," akasema.

Kwa hiyo nilimwambia Ma Ohn Sein,
"Dada, dawa imeshauliza. Usiuze hereni ya pili
kununua swali lile lile."
Akanitazama kama mtu aliyenyimwa maji.

Kengele ya monasteri ilipolia alfajiri
tulikuwa tumeshapitisha mpira chini ya kitovu,
maji ya sukari yanaingia, yanakaa, yanatoka,
tumbo limeajiriwa kazi ya figo.
Siku kumi na moja. Umeme ukikatika
nilihesabu kwa tochi ya simu iliyo mdomoni,
na mate yakanidondokea kwenye daftari.

Usiku wa kumi na mbili,
hakuna sindano, hakuna aliyebisha:
arobaini.
Nikafuta miwani. Tisini. Mia na sitini.
Nilibadili mfuko mara mbili kabla ya chai.

Ma Ohn Sein akaamka sakafuni.
"Dawa gani hiyo mmempa?"
Nilitafuta jina, sikulipata.
Nikamkabidhi mfuko, ungali na joto.
Aliupokea kwa mikono miwili,
akauliza aumwage wapi.