Chai ya Rangi

Nyumbani kwetu, penye ng'ombe mia nne na sitini,
binti yangu anakunywa chai ya rangi.
Haikuanza kwa ugomvi. Asubuhi moja ya Julai,
ambayo huku kusini mwa Nyuzilandi ndiyo baridi yenyewe,
sakitu bado imeshika nyaya za ua,
nilimsogezea jagi la maziwa, akalirudisha
taratibu, kwa kidole kimoja,
kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Wim alikuwa ametoka kukamua tangu saa kumi,
mikono inanuka dawa ya chuchu.
Akatazama jagi. Akatazama kikombe.
Akapaka mkate wake siagi, pande zote mbili.

Femke ana miaka kumi na mitano,
ana buti za marehemu babu yake zilizomzidi namba mbili,
na vichupa vilivyowahi kuwa vya viungo vyangu:
kimoja bado kinanukia karafuu.
Kila Jumamosi hushuka kijitoni, chini ya banda la kukamulia,
hukinga maji, huyainua kwenye mwanga, huandika.
Nitrati, husema, na hulitamka neno hilo
kama watu wanavyomtaja shemeji aliyewatia hasara.

Mimi ndiye niwekaye hesabu za shamba.
Najua bei ya mbolea kwa tani, najua riba,
najua benki ya Invercargill itatudai mpaka lini:
mpaka Femke afikie umri wangu.
Kwa hiyo barua ya maabara ilipofika
niliifungua kwa kisu cha jibini, nikaisoma nimesimama,
nikaitia kwenye droo moja na barua za benki,
zikae pamoja, zizoeane.

Aliipata. Watoto wa nyumba hii wanazijua droo zote.
Akaisoma mezani, mbele ya viazi,
tarakimu kwa tarakimu. Sauti haikutetemeka,
ila goti lake, chini ya meza, lilikuwa likigonga langu.

"Babu yako alivua mikunga kwenye kijito kile," Wim alisema.
"Wako wapi?"
Friji ikaunguruma.
"Hayo maziwa usiyoyataka
ndiyo yanayonyoosha meno yako."

Ni kweli. Hundi nilisaini mwenyewe.
Femke alifumba mdomo juu ya zile nyaya,
akainuka, akaosha sahani yake tu.

Siku kumi na tisa.
Mwambie baba lango la chini liko wazi.
Mwambie mwanao nimeshalifunga.
Husemwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.
Hawa hawakupigana, na nyasi zetu
zilikuwa kijani, kijani kupita kiasi;
hilo ndilo lilikuwa kosa lenyewe.

Kisha mvua, siku tatu mfululizo.
Ndama mmoja akaanza kuhara, nikaenda bandani
kwenye friji ya dawa, na nyuma ya chanjo
nikakuta kichupa changu cha mdalasini
nilichodhani kimepotea. Kimejaa maji.
Juu yake utepe, na herufi kubwa
za mwanamume aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na minne:
JUMANNE. BAADA YA MVUA. CHINI YA BOMBA.
Nyuma yake kingine: JUU YA BOMBA.
Na cha tatu, kitupu, kimeshaandikwa tarehe ya kesho.

Nilivirudisha kama nilivyovikuta.

Jioni nilimimina vikombe vitatu.
Wim alijinyoosha, akalichukua jagi,
akajitilia maziwa mengi, kama kawaida yake.
Kisha, macho kwenye kijiko, akauliza,
na aliyemwuliza si mimi:
"Mtu akikinga maji, anaelekea wapi? Yanakokwenda?"

Femke akaacha kutafuna.
"Yanakotoka. Usimame chini yake, usiyatibue."

"Yanakotoka," Wim akarudia.
Akakoroga. Akakoroga tena.
"Basi ya Jumanne nimeyaharibu."