Subana

Jina lake limenitoroka tangu alfajiri.
Kile kikofia cha chuma, chenye vishimo vishimo
kama uso wa aliyewahi kuugua ndui,
kinachokaa kidoleni ili sindano isinidunge.
Nimekitafuta kwenye droo, chini ya cherehani,
ndani ya mifuko ya koti la polisi mmoja mnene
aliyeniletea nimwongezee kiuno.
Kumbe kiko kidoleni.
Kitu nimekipata. Jina, bado.

Saa nne nikapanda basi kwenda chuoni.
Ukungu wa bahari ulikuwa umeimeza Dundee,
mto Tay haupo,
daraja limeishia hewani
kama sentensi zangu siku hizi.

Struan huniita Missis Zuwena.
Ana miaka ishirini na tisa, ndevu nyekundu,
na panya wazee kumi na wawili kule chini
wanaoogelea wakizunguka beseni
wakitafuta kijukwaa walichokanyaga jana.
"Nisalimie wenzangu," nikamwambia.

Akanipa maneno matano niyashike:
kinu, limau, ngazi, shati, kengele.
Akanipigisha soga za mvua na bei ya mkate,
kisha akayadai.
Nikamlipa manne.
La tano akalisoma yeye, polepole, kwa huruma:
shati.
Shati! Mimi!
Niliyeshona mashati miaka arobaini na sita,
kola, vifungo, kwapa, mikono ya vilema na ya wapiga ngumi!

Nikamwambia, basi nionyeshe hilo tobo liko wapi.
Akaazima uzi kwenye mkoba wangu.
"Ndani ya kila seli," akasema, "mna uzi
mrefu kuliko kimo chako,
umezungushwa kwenye vidonge vya protini, maelfu kwa maelfu.
Jambo jipya likija, uzi hulegezwa kidogo,
maandishi yasomwe,
protini mpya ifumwe na kupelekwa
pale neva mbili zinapokaribia kugusana.
Uzeeni, vidonge vingine hukaza.
Uzi haujakatika, Missis Zuwena.
Umekazwa tu.
Maandishi yamo; msomaji hapati pa kushika."

Hilo nikalielewa kwa vidole.

Akaendelea: kuna kalsiamu,
mgeni anayepaswa kubisha hodi, kuingia,
kusema lake na kuondoka.
Kwa mzee mlango hausikii komeo,
kalsiamu huvuja, huvuja,
mpaka hodi ya kweli haitofautiki na kelele za nyumbani.

Nikacheka. Kwetu, nikamwambia, husemwa
kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.
Naye akaiandika, maskini, pembeni mwa karatasi.

Lakini sikumwambia yaliyobaki.
Pakacha langu halina adabu.
Limedondosha siku ya arusi ya binti yangu, karibu yote,
na shati la dakika kumi zilizopita;
halijadondosha wodi ile ya Ninewells,
kiatu kimoja cha Badi chini ya kitanda,
na muuguzi amepiga magoti, anatafuta cha pili
kana kwamba marehemu alikuwa na safari ya kutembea.
Miaka kumi na moja. Hata ulimi wa kiatu nauona.
Kama mlango unavuja, mbona hiki hakitoki?
Nilimuuliza kwa mzunguko, kana kwamba nauliza habari za panya.
"Ya zamani yaliyouma," akasema, "yalishonwa mapema,
na mahali pengi."
Mshono maradufu, basi.
Nani aliyemwambia fundi huyo akaze hapo?

Basi la kurudi lilikuwa linapanda Hilltown,
siwazi lolote, nahesabu sarafu,
mara likaja lenyewe, wala halikuomba radhi:

"Subana!"

Kwa sauti. Msichana aliye mbele yangu akatoa kidude sikioni.
"Samahani?"
Si wewe, mwanangu. Nilikuwa namsubiri mtu, amefika.

Na nilipokuwa nashuka, mguu mmoja tayari barabarani,
likaja na shati.
Lakini Struan alikwisha kuandika manne.