Sekta Isiyosomeka

Mufindi, Julai, saa tisa usiku.
Nyuma ya mizani ya kiwanda cha chai
diski inakwaruza kama panya ndani ya gunia
na kiendeshi, kwa adabu zake, kinanyamaza.

Kilisoma, kikakosa. Kikarudia.
Mara ya nne kikaokota chochote,
kikakipandisha kwenye kiini, kikasema: salama.

Salama!
Kama sisi na kamwene zetu mlangoni,
hata paa likivuja.

Asubuhi Tulalumba Sanga yuko dirishani
na kikaratasi chenye utomvu wa majani:
Jumanne, kilo thelathini na nane.
Kwenye skrini, Jumanne yake ni sifuri.

Nikafungua msimbo. Mstari wa mia sita na mbili
mpumbavu fulani aliandika: kosa likitokea, puuza.
Mpumbavu ni mimi, mwaka juzi,
nikiwahi basi la Makambako.

Nimefuta. Sasa kinaambiwa:
taja kifaa, taja sekta, taja saa,
umejaribu mara ngapi, na usipambe.
Wala usilie kosa lilelile mara elfu;
daftari likiota magugu
nani ataliona lile la kweli?

Jana usiku imekwama tena.
Safari hii nimekuta mstari mmoja, mkavu:
diski ya pili, sekta 70144,
majaribio manne, haikusomeka.
Nimeagiza diski mpya Iringa.

Zile kilo nimeziandika kwa kalamu.
Tulalumba amezisoma mwenyewe,
akarudia kuzisoma,
ndipo akafunga kanga akaenda shambani.