Kitufe cha Pili

Ushirika wa wauguzi ulinilipa Jumanne.
Ijumaa nilikuwa yadini, barabara ya kwenda Lanet,
mkoba kwapani, viatu vya kazi miguuni,
vumbi la Menengai limeyapaka magari yote rangi moja.

Bei zilikuwa sawa. Hilo ndilo lililonikera.
Jeupe, namba zake KD, la juzi tu,
lina vyote ambavyo gari haliwezi kukosa
na hakuna cha ziada:
pa redio pameachwa tundu, likazibwa kwa plastiki,
vioo vya dirisha unazungusha kwa mkono
kama anayeteka maji.
Jekundu ni la KAV. Milango miwili, viti viwili,
ngozi imepasuka kama kisigino changu,
lakini ukiliwasha,
linakohoa mara moja, kisha linanguruma chinichini,
sauti ya mtu anayejua siri na hana haraka.

Gichohi wa yadi akanisoma.
"Mama, hili lilipokuwa jipya, kwa bei yake
ungenunua nyumba Section 58."
Nikamwambia nyumba ninayo.

Fundi Simatwa akalala chini ya yote mawili.
Kwa jeupe, dakika nne.
Kwa jekundu nilimaliza chai, nikamaliza andazi,
nikaanza kuhesabu lori zinazoshuka kutoka Gilgil.
Akatoka na mafuta kwenye nyusi:
"Injini ni nzima kuliko mimi. Sanduku la gia lina neno.
Na kipuri kikihitajika kitatoka ng'ambo,
wewe ukikingoja kwa miguu."

Dada yangu Cherotich, kwa simu, kutoka Molo:
"Kipya kinyemi," akasema. Hakumalizia.
Halafu: "Viti viwili, Taprandich? Kwaya utaipakia wapi?"

Hapo ndipo nusura nilinunue jekundu.
Miaka thelathini na mmoja nimesukuma machela.
Nimebeba watu wa kutosha.
Na tangu Kibor azikwe, hata katika viti viwili
kimoja kimezidi.

Nikaomba kulijaribu.
Mlangoni kulikuwa na vitufe; nikabonyeza cha kwanza, bila kuuliza.
Kiti kikaanza kwenda chenyewe, polepole, kinanirudisha nyuma,
nyuma zaidi, kikashuka,
mpaka pedali zikanikimbia.
Kilikuwa kinatafuta miguu ya mtu mrefu.
Miaka kumi na tisa, na bado kinamtengea nafasi.
"Lilikuwa la nani?"
"Daktari fulani," akasema Gichohi. "Alihama."

Nikajisogeza mbele. Nikajiinua, mimi wa futi tano kwa tabu,
mpaka nikaiona boneti, na barabara,
na kwenye kioo, nyuma yetu,
ziwa lililovimba likameza uzio wake.
Kisha mlima. Kisha gia ya tatu.
Sitaeleza. Nilicheka kwa sauti
kama niliye peke yangu,
Gichohi kando yangu ameukumbatia mkanda.

Tuliporudi nilizima injini, sikushuka.
Nikashikilia kitufe cha pili mpaka kikalia.
Kisha nikaenda kulipia jeupe.

Ni gari jema. Asubuhi nazungusha kioo,
bega linalalamika kidogo, baridi ya Njoro inaingia,
nyuma wanne wanaimba, sauti ya tatu imepotea njia.
Simatwa hajaliona tena. Mafuta linalamba tu.
Usiku halinidai kitu. Halinikumbuki pia.

Lakini siku moja mtu atalinunua lile jekundu,
kijana pengine, magoti marefu, pesa za kwanza.
Atabonyeza cha pili aone kinafanya nini,
na kiti kitamchukua, kimpandishe, kimsogeze
mbele, mbele, hadi kifua kiguse usukani,
naye atauliza, huku amebanwa, lilikuwa la nani,
nani huyu aliyetaka kuona karibu hivi?

Daktari fulani, atasema Gichohi.
Alihama.