Bitana

Alikuja Anaeli, mwenye duka la saruji Kiboriloni,
na vipande viwili vya boksi la viatu
alivyovikata kwa mkasi wa jikoni.
Vyuma vyenyewe viko Arusha, akasema,
muuzaji ameniwekea vyote hadi Ijumaa.
Kibali ninacho. Nisaidie kuchagua.

Mimi, fundi wa barazani, Barabara ya Mawenzi,
miaka ishirini na sita ya joho za kwaya na suti za kipaimara!

Hiki kikubwa kinameza risasi kumi na tatu.
Kitako chake kinajaa kiganja, hakirukiruki;
muuzaji anakisifu kama mshenga.
Hiki kidogo ni sita tu,
chepesi, lakini kina teke:
akanionyesha mkono, pale gumba linapoanzia,
wekundu kama uliobusiwa na pasi.

Nikapachika kikubwa ubavuni, kulia, nikamfunika koti la majaribio.
Kaa, nikamwambia. Akakaa. Koti likasema.
Inama, kama unafungua kufuli la chini.
Koti likapiga yowe.
Nguo, dada, haijui kutunza siri.
Inatunza mwili,
tena mwili uliotulia.

Tukajaribu kidogo.
Inua mikono, kama Jumapili.
(Anaimba sauti ya pili, ibada ya kwanza.)
Akainua, mdomo ukafunguka karibu aimbe,
akaishusha.
Wapita njia walidhani tunapima vazi la sendofu.

Sikumuuliza ya mwezi wa sita.
Moshi nzima inayajua: pikipiki mbili,
mfuko wa benki,
na Kalisti mpakiaji kifudifudi juu ya saruji iliyopasuka,
ikainywa damu yake hadi ikawa jiwe.
Walilivunja kwa sururu, kesho yake, kabla ya kufungua duka.

Na Januari? aliuliza. Joto lile, nani anavaa koti?
Nitakushonea jepesi, nikasema, la kitani, bitana nusu.
Watasema umeanza kuzeeka, unasikia baridi.
Waseme.

Chaki mkononi, nikakumbuka jambo.
Mjukuu anakaa paja lipi?
Akafikiri, kana kwamba nimemuuliza hesabu.
La kulia.
Nikafuta alama, nikachora upya kushoto.
Na mkono wako wa kushoto unajua kazi gani?
Kushika simu.
Nikafuta tena.
Tukatazamana juu ya cherehani,
na mtoto ndiye aliyehama.

Akachagua kidogo. Hakusema kwa nini.
Kikubwa akakichana vipande vinne, akakitia kwenye ndoo yangu ya vitambaa,
pamoja na mabaki ya satini za maharusi.
Nikashona mfuko wa jinzi ndani ya bitana,
mshono mara mbili, kona nikazikaza kwa uzi wa viatu,
mdomo wazi, bila kifungo, bila zipu:
alitaka mkono uingie bila kubisha hodi.
Bei ya kazi hiyo sikuijua.
Nikamtoza ya mifuko miwili ya kawaida.

Mwezi wa nane tulikutana msibani, Mbokomu.
Ukungu, moshi wa kuni mbichi,
wanawake wakiangukiana vifuani kama ilivyo desturi.
Anaeli amesimama kwenye migomba, koti la kijivu,
amenyoosha mkono.
Kila aliyemjia na kifua
akakutana na kiganja.
Shangazi wa marehemu alibaki mikono wazi hewani,
asijue airudishe vipi.

Nikatazama ubavu wa kulia.
Hakuna kunyanzi. Hakuna uvimbe.
Hata alipoinama kupokea kikombe cha chai
koti lilinyamaza kimya,
kazi safi kuliko zote nilizowahi kushona,
na hakuna wa kumwonyesha.

Nikaenda kumpa pole.
Nikajikuta mimi ndiye niliyetangulia kunyoosha mkono,
kutoka mbali.